Mwanangu, Usimuulize Swali Lile

Mwanangu,

Nilikudanganya mwezi wa kumi, na hadi leo hakuna anayejua. Mama aliyenizaa, yule wa Liège, hajui, rafiki zangu hawajui, padri hajui. Ile barua tuliyowaandikia watawa ilijibiwa. Nilikuambia wamesema karatasi zote ziliungua wakati wa vita na kwamba hakuna anayekumbuka tena watoto wa ile kamyo, lile lori lililowatoa Bukavu. Hawakusema hivyo. Waliandika kwamba masera, mtawa aliyeshika orodha ya majina yenu, bado yu hai, ana miaka tisini na kitu, anaishi kwenye nyumba yao ya wazee hapa hapa Brussels, kule Jette, na kwamba anapenda wageni.

Nimekaa na jambo hilo miezi minne. Nimechoka nalo. Usingizi ninaupata, ila naamka kama mtu aliyebeba maji usiku kucha.

Nakuandikia kama mama yako kwa sababu nikiandika kama binti yako nitashindwa. Unanijua. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, mbele yako hupotea zaidi. Lakini ulinipa jina la mama yako, Nabintu, na kwetu mtoto akibeba jina la bibi yake, baba yake humwita mama. Tangu nianze kusema umeniita Maman, na mimi nimekuita mwanangu. Nilipokuwa na miaka minne ulikuwa unarudi kutoka kiwandani kule Forest, unasimama mlangoni umeshika viatu mkononi: "Maman, mutoto wako amerudia. Kuko chakula?" Na mimi nakuuliza kama umenawa mikono. Wageni walicheka sana. Wewe ulikuwa unacheka nusu tu, na mimi niliiona ile nusu nyingine kabla sijajua kuisema.

Mambo ya pasipoti na dawa za malaria sitayaandika. Asubuhi tumeyamaliza, pamoja na ugomvi wa mizani.

"Maman, inasema ngapi?"

"Vingt-six, ishirini na sita. Zimezidi."

"Hii balance inadanganya."

"Inadanganya nini? Toa biscuits. Paketi quatorze, kumi na nne! Unaenda kufungua boutique?"

"Ni za Mama."

"Hazijui hata, hizo biscuits."

"Njo maana minamupelekea."

Kisha ukaenda kunyoa ndevu, nami nikakusikia kupitia mlango wa bafu. Ulikuwa unasema taratibu, kama mwanafunzi anayekariri: "Mama, juu ya nini haukukuya kunitafuta?" Ukasuuza wembe. Ukaanza tena, sauti ikiwa chini kidogo. Mara tatu.

Kwa nini hakuja kukutafuta: hilo ndilo swali lako, nalijua. Dada yako, tante Aline, alipokupata kwenye kikundi cha WhatsApp cha watu wa paroasi yenu, parokia ya Bukavu, mliongea saa nzima huku analia. Aliposema, "Ngoja nikupatie Mama," ulikataa. "Hapana kwa telefone. Niko na swali moja tu. Nitamuuliza tukiangaliana." Kesho asubuhi unapanda ndege ya Kigali, kisha basi hadi mpakani, kisha nyumbani kwake, na swali liko mdomoni tayari.

Nakuomba usimuulize. Jibu ninalo mimi. Na jibu hilo, akilazimishwa kulitoa yeye mwenyewe, mbele ya tante na majirani watakaojaa uani kukuona, sijui ni nani kati yenu atabaki amesimama.

Acha nianze na kosa langu.

Kiwanda kilipofungwa ulibaki nyumbani na mikono yako. Ulipaka rangi jikoni mara mbili. Ulitengeneza baiskeli ya jirani ambaye hakukuomba. Halafu siku moja, tunakula, ukasema, "Maman, weye unajua Flamand. Uandikie bale ba masera." Ulikuwa umenitoa shule ya Kifaransa ukaniingiza ya Kiholanzi, hicho unachokiita Flamand, ili, ulisema, mlango wowote wa nchi hii usinifungie. Kule nilinyamaza mwaka mzima, walimu wakadhani sisikii vizuri. Lakini kuandika niliweza. Niliandika: watoto wa paroasi, Bukavu, vita ya kwanza, kamyo, nafasi moja kwa kila familia, mvulana wa miaka saba anayeitwa Bahati.

Jibu lilipofika hukuwepo. Nililisoma nimesimama kwenye ngazi. Nikafikiri, niende kwanza mimi, niangalie, kama mtu anavyoonja uji kabla ya kumpa mtoto. Kama masera amesahau kila kitu, basi nisikupeleke ukakae mbele ya bibi anayetabasamu bure. Ilikuwa niende mara moja, kisha nikuambie. Uongo wangu ulipaswa kuishi wiki moja.

Kwa hiyo Jumatano mchana, shule ikifunga mapema, nikikuambia nabaki kwa masomo ya hesabu, nilikuwa nachukua basi na tram kwenda Jette.

Mwanamke wa umbo dogo, Masera Godelieve. Alikuwa amekaa dirishani na blanketi magotini. Alinisalimu kwa Kiholanzi cha kwao, cha baharini kule, na mimi nilijibu kwa kile cha darasani, hatukuelewana hata kidogo. Akanitazama, akanijaribu na Kiswahili. Mwanangu, kilikuwa Kiswahili chako kabisa, cha Bukavu, ila kimetoka kwenye ulimi wa Kiholanzi.

"Weye ni mutoto wa nani?"

"Wa Bahati."

"Bahati gani? Mu kamyo kulikuwa ba Bahati sita."

"Bahati wa Nabintu."

Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha: "Na weye jina?"

"Nabintu."

"Eko hai, Bahati?"

"Yuko hai. Anakaa Evere."

"Evere!" Akacheka hadi akakohoa, mfanyakazi akaja na maji. "Miaka yote minamuombea kama muntu wa mbali. Kumbe eko hapa, muntu anafika na bus!"

Siku hiyo hakusema zaidi. Aliniuliza kama tunapata lenga-lenga, ule mchicha wa kwenu, hapa Brussels, na kwa nini nimekonda hivyo, unanilisha nini. Wiki iliyofuata pia alizunguka. Aliniimbia wimbo wa kunawa mikono aliowafundisha nyinyi, akaniuliza kama unaukumbuka. Ilikuwa mara ya tatu ndipo aliniambia nifunge mlango.

Wewe umenisimulia misioni ile mara nyingi. Kamyo ya kutwa nzima. Kulala watoto wanne kwenye mkeka mmoja. Na ulivyokuwa unasimama kwenye ua kila jioni kutazama barabara, kwa sababu mama yako alikuwa amesema anafuata baada ya wiki mbili. Umenisimulia na nywele zake, zilizosukwa nyuzi ndefu, na jinsi ulivyokuwa unashika uzi mmoja ili upate usingizi. Halafu hadithi yako inarukia ndegeni. Kinshasa, na miaka baadaye ile familia ya Namur iliyokuchukua. Hakuja. Hapo ndipo unapomalizia siku zote: hakuja.

Masera alisema: alikuja.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Alikuja wiki ya tatu, kwa miguu.

"Tulikuwa na sheria," alisema. "Kuko mwanaume mumoja alikuyaka mbele, anasema ni tonton ya mutoto. Tukamupa mutoto. Hakukuwa tonton." Hilo la mjomba wa uongo hakulieleza zaidi, na mimi sikuuliza. "Toka siku ile, muntu akikuya, tunaita mutoto kwanza. Mutoto aseme: huyu ni mama, huyu ni papa. Akikosa kumujua, hatupane."

Baba yako alikuwa amefia njiani walipokuwa wanakimbia mji. Wewe hukujua, hakuna aliyekuambia hadi ulipokuwa mkubwa. Walimzika kando ya barabara, wakafanya matanga jinsi ilivyowezekana, na mama yako akanyolewa nywele zote kama mjane anavyonyolewa. Kisha akamwacha Aline kwa watu na akatembea kukufuata. Alikuwa amekonda, amevaa nguo ya kupewa, na kichwa kinang'aa.

Masera akakuita kutoka uani. "Bahati, huyu ni nani?"

Ukasema, "Simujue."

"Angalia muzuri."

Ukaangalia vizuri. Ukasema, "Mama yangu iko na nywele."

Akanyoosha mkono, akasema, "Bahati, ni miye." Wewe ukapiga kelele, ukajificha kwenye kanzu ya masera.

Mwanangu, sasa kaa chini kama umesimama. Nilipokuwa mdogo nisipotaka kulala ulikuwa unaniambia, "Lala, ama nitaita Mama Kipara." Unakumbuka? Mwendawazimu asiye na nywele aliyekuja misioni kukuiba, macho makubwa, mikono mirefu, masera wakamfukuza. Ulikuwa unaigiza mikono yake. Nilikuwa naingia chini ya blanketi nacheka kwa hofu.

Ni yeye.

Nilitoka Jette siku hiyo nikapanda tram ya upande usio wangu, nikaenda nayo hadi mwisho. Ulikuwa umepika sombe, kisamvu chetu, niliporudi. Ukaniuliza hesabu imekwendaje, nikasema vizuri. Uongo wa wiki moja ulikuwa umekufa mlangoni, nikaleta mwingine mpya mahali pake.

Masera hakumtukana mama yako wala hakumfukuza. Alimwambia arudi mjini kwa padri, aombe karatasi inayosema yeye ni nani. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Mama yako hakubishana. Aliuliza tu kama unakula. Siku ya nne, kabla hajafika, vita ikasogea na ndege ikaja, ndege ndogo, na amri ikawa watoto wote. "Ningeweza kumuacha Bahati kwa mupishi angoje," masera alisema. "Niliwaza hivyo. Sikufanya. Miye njo nilifunga mulango. Umuambie ni miye, haiko yeye. Mutoto alisema tu kile aliona."

Nimekuandikia maneno yake kama yalivyo kwa sababu alitaka uyapate. Na mimi naongeza la kwangu. Mtoto wa jirani wa chini, yule Noah, ana miaka saba. Mwezi uliopita mama yake alirudi na perruque, wigi mpya ya rangi ya shaba. Noah alilia hadi mama yake akaivua pale kwenye ngazi, mbele yangu, akabaki na soksi ya kichwani. Ndipo akamkumbatia. Ana miaka saba, mwanangu. Meno ya mbele hana. Nilimtazama nikakuona wewe.

Sasa kosa langu jingine, ambalo unalijua, lakini hujui kwamba mimi bado ninalikumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wiki ya pili kwenye shule mpya. Mvua ilikuwa inanyesha na wewe ukaja getini na mwavuli, umetoka zamu, bado na koti la kazi. Ukaniita kwa sauti yako yote, "Maman! Maman!" Wenzangu wakageuka. Mmoja akauliza kwa Kiholanzi kwa nini yule mzee ananiita mama, wengine wakaanza kuita vilevile, maman, maman. Nilikupita. Ulinifuata na mwavuli, nikasema kwa Kifaransa, ili nawe usikose kuelewa hata neno moja, kwamba mimi si mama yako na usiniite hivyo tena.

Ulifunga mwavuli. Tulitembea hadi kituo cha basi tunalowa wote wawili. Kwa wiki nyingi baada ya hapo uliniita Nabintu tu, kwa adabu, kama mtu wa ofisini. Nilidhani umekasirika. Nilikuwa na haya hata ya kuomba msamaha, nikasubiri hasira ipite yenyewe. Ikapita, ukaanza tena kuniita Maman jikoni, nyumbani tu, kwa sauti ndogo.

Kwa masera ndipo nilipojua nilikuwa nimefanya nini pale mvuani. Sidhani wewe mwenyewe ulijua kwa nini ilikuuma vile. Mwili wako pengine ulijua.

Kuhusu kunyamaza nimejifunza jambo moja, nalo nimelilipia, kwa hiyo lichukue. Nilidhani kunyamaza ni kumlinda mtu. Nikikuona umekaa kwenye kiti chako karibu na redio nilikuwa nasema, si leo, leo amechoka. Kila siku ulikuwa umechoka, na kila siku ilikuwa sababu nzuri. Kumbe niliyekuwa namlinda ni mimi, ili nisiuone uso wako wakati unasikia. Na wakati ninajilinda, Masera Godelieve alikufa. Mwezi wa kwanza, kwa mafua tu. Nilifika Jumatano nikakuta kitanda kimetandikwa upya. Ungeweza kumsikia kwa masikio yako. Ungeweza kumkasirikia, ana kwa ana, alikuwa tayari kwa hilo, aliniuliza kila mara, "Bahati anakuya siku gani?" Nami nilikuwa nasema karibuni. Hilo nilikunyang'anya na siwezi kulirudisha. Sikuombi unisamehe haraka. Chukua muda wako wote kule.

Ningenyamaza hata sasa, nadhani. Kilichonivunja ni sauti ya tante Aline, ile aliyonitumia juzi. Alikuwa anataka tu kujua saizi ya viatu vyangu. Halafu akasema, "Umuambie papa yako asishtuke. Mama anasahauka. Kuko siku hanijue ata miye. Na asubui zingine anavaa nguo ya kutoka, anasema anaenda kwa padri kutafuta karatasi. Karatasi gani, hatujue. Tunamurudisha ndani. Weye unajua ni karatasi gani?"

Nilimjibu kwamba saizi yangu ni trente-huit, thelathini na nane.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwa nini usimuulize. Umebeba swali miaka yote hiyo, nakubali, na ni lako. Lakini yeye bado yuko njiani. Hajafika. Nyinyi wote wawili mmesimama kwenye ua ule ule, kila mmoja anatazama barabara, na mimi peke yangu, mtoto wa Evere asiyeweza hata kuagiza mkate bila kujifunza sentensi, ndiye ninayewaona wote wawili. Si kazi ya mtu mwenye umri wangu. Nakuambia bila hasira. Nimechoka.

Ukifika, inawezekana akutazame na aseme hakujui. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko ndege na mpaka. Una ndevu, una tumbo, una koti la Ulaya. Alikuona mara ya mwisho una miaka saba, unamkimbia. Akisema "simujue," usitoke uani. Usimwambie tante ulijua tu. Kaa kwenye kiti kilicho karibu naye, ule watakachokupa. Mwambie jina lako, na la baba yako, tena kesho yake. Na akianza kuvaa nguo ya kwenda kwa padri, usimrudishe ndani kama wao. Mwambie padri ametoa karatasi. Mwambie imekubaliwa, mtoto amepewa, ni huyu. Sijui kama huo ni uongo. Kama ni uongo, ni wa kwanza ninaokupa bila aibu.

Na akiwa na siku njema, akakujua, akaanza yeye mwenyewe kuomba msamaha kwamba alichelewa, usimwache amalize.

Nywele zimemuota tena, tante amesema. Nyeupe zote. Husukwa kila Jumamosi.

Nilikuwa na mengine ya kuandika, juu ya Kinshasa na ile picha ya Namur unayoigeuza ukutani, lakini mlango wa chini umefunguliwa. Umetoka kwa kinyozi. Najua ni wewe kwa jinsi unavyopumzika kwenye ghorofa ya pili na kujifanya unatafuta funguo. Unamsalimu Noah. Unamwambia kesho unaenda kwa mama yako, naye anakuuliza kama wewe pia una mama, unajibu, "Niko naye, ndiyo."

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi, kati ya mashati, uisome angani nisipokuwepo. Ndivyo ninavyofanya mimi. Hatua zako ziko kwenye korido sasa. Mkono wangu umekwishashika kitabu cha biolojia ili uifunike karatasi, na ninauambia uache.

Kule ukifika, muite yeye Mama, kwa sauti yote uliyoitumia getini. Mimi niachie Nabintu, nitaitika.

Ingia, Papa. Keti hapa. Soma nikiwa nimekaa.